Luhende wa Bucha na Mtoto Aliyechelewa Kulia

Pale Dutwa, upande wa barabara yanaposimama mabasi ya Lamadi, ipo bucha yenye ukuta mwekundu, na mwenye bucha hiyo ni Luhende. Nyama yake ni kama ya wenzake, haina sukari. Watu huzipita bucha mbili nyingine kwenda kwake kwa sababu ya mdomo wake. Mama akiomba aongezewe kongoro, anaulizwa kama ng'ombe wa kwao huzaliwa na miguu sita. Katekista Januarius alipokuja kununua maini siku ya Ijumaa ya Kwaresima, Luhende aliitangazia foleni nzima kwamba maini yale ni ya mgonjwa, watu wasije wakamfikiria vibaya mtumishi wa Mungu. Katekista alibaki anacheka huku jasho linamtoka.

Ujana wake Luhende aliumalizia nyuma ya ng'ombe, akiswaga mifugo ya watu kwenda minadani. Anasema huko ndiko alikojifunzia lugha, kwa kuwa ng'ombe hasikii maneno ya adabu. Alichelewa kuoa. Aliyemkubali ni Gloria, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mwimbaji wa kwaya. Walimu wenzake walipomuuliza ameona nini kwa yule muuza nyama, alijibu kwamba wanaume wenye maneno matamu alishawafahamu wawili, wakamtosha.

Mtoto wao alikawia kuja, na alipokuja alikuja vibaya. Uchungu ulimshika Gloria tangu jana yake, na mtoto alipotoka kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, mwili rangi ya zambarau, kimya. Luhende alikuwa nje ya kituo cha afya na chupa ya uji. Yeye, mpiga kelele kuliko watu wote wa Dutwa, alisimama pale akingoja kelele ya mtu mwingine. Ndani, muuguzi Martha alimpulizia mtoto hewa kwa kifuko cha mpira, anaminya, anaachia, anaminya. Kilio kilipokuja kilikuwa chembamba, kama mlango wa kabati unaofunguka kwa shida. Luhende alikaa chini kwenye saruji, akanywa uji wa mkewe wote.

Walipelekwa Bariadi kwa gari la wagonjwa. Huko mtoto alishikwa na degedege, akachomwa dawa, akawekewa hewa puani, akanyonyeshwa kwa mpira. Alipopona kiasi cha kurudishwa nyumbani, daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba ubongo wa mtoto ulikosa hewa, na kwamba watoto wa namna hii wengine hukua vizuri tu na wengine huchelewa kukaa, kutembea, hata kusema. Wa kwao ni yupi, bado hakuna anayejua. Wamlete kliniki aangaliwe. Luhende aliuliza hiyo miaka yote ya chuo walikuwa wanasomea nini kama hawajui. Gloria akamwomba radhi daktari kwa niaba yake, kazi ambayo tangu aolewe ameifanya sana.

Mtoto aliitwa Nyanjige, jina la bibi mzaa babu, aliyezaliwa mwaka wa nzige.

Pale mtaani sababu ilipatikana upesi kuliko hospitali. Ilisemekana kwamba Luhende aliwahi kununua ng'ombe mwenye mimba akaingizwa machinjioni, na sasa yule ndama anadai. Aliyelisema hilo kwa sauti ni mama yake mwenyewe, Milembe, mzee mkavu mwenye masikio makubwa, aliyehamia kutoka Ipililo kuja kusaidia kulea. Alitaka mtoto apelekwe kwa mfumu, mganga mmoja anayemfahamu, akafanyiwe dawa.

Luhende alimwambia kwamba ng'ombe aliowauza hawana idadi, na kama kila mmoja angedai, yeye mwenyewe angekuwa na mkia. Tena aliyeshika kisu siku ile ni Mtoro, kwa kuwa machinjioni anayechinja ni Mwislamu, na watoto wa Mtoro wanarukaruka kama panzi, wamevunja vioo viwili msikitini kwa mpira. Huyo ndama mbona hajui hata mlango wa kubisha? Wateja walicheka sana, na hadithi ilifika mpaka kwa Mtoro, naye akacheka. Ila jioni ile Gloria alimkuta mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika mguu wa mtoto, anaugeuza polepole kana kwamba anatafuta mahali palipoandikwa jambo.

Mtoto alipokuwa na miezi mitatu waliitwa Bariadi tena. Kulikuwa na watu wa utafiti, wakishirikiana na hospitali, waliokuwa wakiwafuatilia watoto waliozaliwa kwa shida: wanaangalia ubongo unavyofanya kazi na mwili unavyojifunza kusogea, wapate kujua mapema nani anahitaji msaada. Gloria alikuwa tayari. Luhende alikwenda kwa sababu hawaamini watu wanaotoa soda bure.

Aliyewapokea ni Muzdalifa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa mwenye duka la vitambaa palepale mjini, mwenye hijabu ya kijivu na macho yasiyopepesa. Alimlaza Nyanjige chali kwenye godoro, akamvua nguo, akawasha kamera, akakaa.

Luhende alingoja. Mwishowe akauliza matibabu yanaanza saa ngapi.

Muzdalifa alimweleza kwamba anachotaka ni hicho, kumtazama mtoto akiwa hana la kufanya. Mtoto mzima wa umri huu akilazwa hivi hatulii. Vidole, viwiko, shingo, nyonga, kila kiungo kinachezacheza kidogo kidogo, kama mtu mwenye kunguni. Hakuna anayemfundisha, ni ubongo unajaribu nyaya zake wenyewe. Nyanjige hakuwa na kunguni. Alikakamaa mwili mzima kama ubao, akaachia, akakakamaa tena. Mkono wa kushoto ulipunga hewani. Wa kulia ulikaa ngumi, kama wa mgambo.

Kisha akavishwa kofia. Ilikuwa ya kitambaa laini, imejaa vidude vya duara, na kila kidude kina waya na tone la mafuta mazito kama ya nywele. Luhende alitaka kujua umeme utaingia kwa wapi. Akaambiwa hakuna umeme unaoingia. Kichwa cha mtu chenyewe hutoa umeme kidogo sana, na kofia inausikiliza tu. Alisema umeme wa Dutwa wenyewe unakatika kila mawingu yakitanda, sasa kichwa cha mtoto kitautoa wapi. Muzdalifa hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kutocheka, na jambo hilo lilimkera Luhende hadi wakati wa kuondoka.

Nyanjige, kwa upande wake, alijikojolea na kumlowesha mtaalamu wa kofia, kijana mmoja aliyetoka Dar es Salaam na shati jeupe. Baba mtu alijisikia nafuu.

Majibu walipewa baada ya siku kadhaa, mlango umefungwa. Muzdalifa aliwaonyesha mistari kwenye kompyuta, akawaambia mistari hiyo waachane nayo, maneno ni haya: upande wa kushoto wa ubongo unaongea kidogo kuliko wa kulia, na upande wa kushoto ndio unaosimamia mkono na mguu wa kulia. Ukijumlisha na namna anavyokakamaa, huenda ana mtindio wa ubongo. Kama utakuwa mwepesi au mzito, alisema bado hawezi kujua.

Gloria alilia kimyakimya, kwa adabu, kama anavyofanya kila kitu. Luhende akasema, "Sema basi dawa yake."

"Dawa ya kumeza hakuna, baba Nyanjige. Ubongo wa mtoto mchanga bado unajijenga, na unajijenga kwa kile mwili unachokifanya. Akitaka kitu, akakifuata, akakipata kwa jasho lake, njia inachongeka humo ndani. Ukimfanyia wewe, anayejifunza ni wewe."

Akawaonyesha la kufanya. Alazwe kifudifudi awapo macho, anyanyue kichwa. Kitu kinachong'aa au kulia kiwekwe upande wa kulia, karibu lakini si karibu sana, ahangaike kukifikia. Asibebwe mgongoni kutwa. Na akihangaika, aachwe ahangaike.

"Akilia je?" Luhende aliuliza.

"Akilia kwa hasira, mwache kidogo. Akilia kwa maumivu, mnyanyue. Utaijua tofauti."

Njiani kurudi Luhende hakumtukana mtu yeyote, hata konda.

Likizo ya uzazi ya Gloria iliisha, akarudi kufundisha. Mtoto akabaki na bibi na baba, na nyumba ilikuwa nyuma ya bucha. Luhende alianza kwa kumlaza kwenye mkeka palepale dirishani pa bucha. Bwana afya alipopita akasema mahali pa nyama si pa watoto, na safari hiyo Luhende hakuwa na hoja, maana nzi walikuwa wengi. Jirani yake Nuruddin, mwenye duka la mchele na sabuni, akampa kibaraza chake. Basi kila asubuhi Nyanjige alilala kifudifudi kwenye kibaraza cha Nuruddin, juu ya mkeka, akiwa amenuna, na baba yake alikata nyama hatua chache kutoka hapo, jicho moja kwenye mizani na jingine kwa mtoto, hata wengine wakamshuku kwamba sasa anapunja kwa kisingizio.

Haikuchukua muda likawa jambo la mtaa. Watu waliosubiri basi walisimama kumtazama mtoto akijaribu kugeuka. Waendesha baiskeli walibishana kama leo atafika kwenye kopo au hatafika. Nuruddin alikuwa ametoa kopo la maziwa la kung'aa, lenye punje za mahindi ndani, na aliapa kwamba mtoto akilishika atamchinjia mbuzi, ahadi ambayo baadaye aliikana mbele ya mashahidi.

Shida ilikuwa Luhende mwenyewe. Mtu aliyezoea kupasua mfupa wa paja kwa pigo moja la shoka alishindwa kuvumilia kuona mkono mdogo unatetemeka juu ya mkeka, unakwenda nusu, unarudi. Alikuwa akichungulia huku na huku, halafu analisukuma kopo kwa kidole cha mguu mpaka likagusa ngumi ya mtoto, kisha anatangaza kwamba amelifikia. Aliandika kwa chaki ukutani kila ushindi. Siku moja Gloria aliwahi kutoka shule, akaukuta ule mguu ukiwa kazini.

Hakupandisha sauti. Alimuuliza tu, mbele ya Nuruddin, ni yupi kati yao anayefanyiwa mazoezi. Luhende alifuta alama zote kwa kitambaa cha kufutia gogo la kukatia nyama, ukuta ukabaki na damu ya ng'ombe.

Milembe naye alikuwa na vita yake. Mazoezi yale aliyaona ni ukatili wa watu waliosoma. Mtoto mgonjwa anatupwa chini kama gunia, analia, na wazazi wako macho. Kila Luhende alipogeuka kumpimia mtu nyama, mzee alimfunga mjukuu mgongoni na kupotea naye kwenye shamba la pamba. Waligombana kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Mwisho Luhende alimpandisha basi la Bariadi, akamkalisha mbele ya Muzdalifa, akamwambia agombane na mwenye kazi.

Wanawake wale wawili walisalimiana kwa "mwangaluka," wakazungumza kirefu, na Luhende akatolewa nje. Hajui mpaka leo walisemezana nini. Anachojua ni kwamba waliporudi, mama yake alifungua sanduku lake, akatoa njuga alizokuwa akivaa marehemu mumewe enzi za kucheza ngoma, akaichomoa moja ndogo kabisa, akaining'iniza kwenye kamba juu ya mkeka, na uzi wake akaufunga kwenye kifundo cha mguu wa kulia wa mtoto.

Mara ya kwanza njuga ililia kwa bahati tu. Nyanjige alitulia, akatoa macho. Alirusha mguu wa kushoto, wenye nguvu, pakawa kimya. Akarusha mikono. Kimya. Alinuna, akakakamaa, akaanza kulia, na Luhende alikuwa ameshaweka shoka chini ili aje, lakini Milembe alimzuia kwa mkono kifuani bila kumtazama. Ndipo mguu wa kulia ukajikunja taratibu, kama mtu anayekumbuka kitu, ukajinyoosha. Njuga ikalia.

Mtoto alicheka. Hakuwa amewahi kucheka hivyo, kicheko cha tumboni. Mteja aliyekuwa anangoja mbavu akaambiwa aende nyumbani, leo bucha imefungwa, na kama ana njaa ale kabichi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda, si mbio. Ngumi ilianza kufunguka. Kopo la Nuruddin lilishikwa kihalali, mashahidi wakiwepo. Alijigeuza. Kisha mvua zikaja, na malaria ikaja nazo, na homa ikamletea Nyanjige degedege upya. Alilazwa Bariadi kwa wiki nzima, na alipotoka alikuwa amesahau karibu yote. Mguu wa kulia ulirudi kuwa ubao. Njuga ilining'inia.

Luhende alizikata zile kamba, akaukunja mkeka, akautupa nyuma ya nyumba. Muzdalifa alipopiga simu kuuliza kwa nini hawaji, alimwambia maneno ambayo Gloria alikataa kuyarudia kwa mtu yeyote. Kiini chake ni kwamba yeye si mjinga wa kufanyiwa utafiti, kwamba mtoto wake si panya, na kwamba kofia yao wamvishe mbuzi.

Siku iliyofuata Muzdalifa alishuka kwenye basi pale Dutwa, na mfuko mkononi. Alipanga foleni kwenye bucha kama watu wengine. Zamu yake ilipofika aliomba nusu kilo ya mchanganyiko, isiwe na mifupa mingi. Luhende alimkatia.

"Nimekuja kusikia yale ya jana," Muzdalifa alisema. "Simu ilikuwa inakatika."

Luhende alifunga nyama kwenye gazeti, akaikaza kamba, akaifungua, akaikaza tena. Hatimaye alisema kwa sauti ya chini kwamba amechoka. Kwamba kila asubuhi anamwangalia mtoto akipigania kitu ambacho watoto wa wengine wanakipata bure wakiwa wamelala, na sasa hata hicho kidogo kimechukuliwa. Akamuuliza kama ile njia iliyochongwa imefutika.

Muzdalifa alisema hajui. Alisema mara nyingi njia haifutiki, inaota majani tu, na kuifyeka mara ya pili ni rahisi kidogo, lakini akimwahidi atakuwa anadanganya. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akaokota mkeka, akaukung'uta mwenyewe, vumbi likamjaa hijabu nzima. Luhende alikataa pesa ya ile nusu kilo. Muzdalifa akaiacha kwenye mizani, na mizani ikaonyesha kwamba pesa haina uzito wowote, jambo ambalo Luhende alilisema kwa sauti, na safari hii yule dada akacheka.

Nyanjige alikaa mwenyewe akiwa na mwaka na zaidi. Hakutambaa kama wenzake. Alijisukuma kwa makalio, mguu mmoja mbele, kwa kasi ya kutisha, na suruali zote zilitoboka nyuma. Alisimama kwa kushika gogo la nyama la baba yake baada ya kazi. Alitembea alipopita miaka miwili, mguu wa kulia ukichora nusu duara, na kiatu chenye chuma cha kushikilia kifundo. Mkono wa kulia unashika, ila hauandiki. Kofia alivishwa tena mara mbili. Upande ule uliokuwa kimya sasa unaongea zaidi. Luhende alitaka kuambiwa ni kwa sababu ya njuga. Muzdalifa alisema inaweza kuwa mazoezi, inaweza kuwa mtoto mwenyewe angefika hapo, watoto waliopimwa ni wachache, utafiti bado haujaisha. Milembe anasema ni sala, na anasema pia, Januarius asipokuwepo, kwamba kabla ya njuga kufungwa ilipitishwa kwa yule mfumu wake. Luhende anasema watu wote hao wanagombea mtoto kama mafuta ya mgongo.

Mdomo ulikuja mapema kuliko miguu, na ulikuja wa baba yake. Gloria amejitahidi. Anamfundisha nyimbo za kanisani, na mtoto anaziimba vizuri, kisha anamwambia Nuruddin kwamba mchele wake una mawe kuliko barabara ya Ngulyati.

Mwaka huu, msimu wa pamba, basi lilisimama mbele ya bucha na abiria wakashuka kunyoosha miguu. Nyanjige alikuwa anatoka kibarazani kuelekea kwa baba yake, amebeba kopo la chai kwa mkono wa kushoto. Alijikwaa akaanguka kifudifudi, chai ikamwagika. Abiria mmoja, mama mtu mzima wa mjini mwenye miwani, alikimbia kumwinua.

"Mwache," Luhende alisema kutoka dirishani, shoka mkononi.

Yule mama alimgeukia na kumpa alichostahili, kwa maoni yake. Mtoto mlemavu yuko chini mavumbini, na baba mzima amesimama na shoka kama jambazi. Akamuuliza kama ana moyo au ameuuza pamoja na ya ng'ombe. Abiria wengine wakaguna kumuunga mkono. Luhende alikuwa anauangalia mguu wa kulia.

Mguu ulijikunja. Nyanjige akapiga goti moja, akashika ukuta kwa mkono ule mbovu, vidole vikafunguka kimoja kimoja vikashika, akasimama. Alijipangusa tumbo, akaokota kopo, akalichungulia ndani. Kisha akamtazama yule mama kuanzia viatu mpaka miwani.

"Umesimama kwenye chai yangu," alisema.

Dereva akapiga honi. Mama yule alipanda basi bila kuaga, amenuna, soli za viatu zimelowa. Luhende aliinama chini ya dirisha la bucha akakaa huko kwa muda, na waliokuwa kwenye foleni wanasema alikuwa anatafuta kisu, ingawa kisu kilikuwa juu ya gogo. Gloria aliporudi kutoka shule mchana alisimuliwa mkasa huo na watu watatu, kila mmoja kwa namna yake, na katika simulizi ya Nuruddin yule mama alikuwa amechukuliwa na polisi.